Meza Isiyokauka

Katika nyumba ya marehemu Mramba, pale Matsangoni, kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho mgeni angeweza kukisifu bila kusema uongo, nacho ni meza. Makuti ya paa yalikuwa yamechoka, viti vilikaliwa kwa kumwomba Mungu, na kuta za udongo zilikuwa zimeanza kuonyesha mbavu. Lakini meza ilikuwa ya mbambakofi, pana na nzito, nayo iling'aa hata mtu akiinama aliyaona meno yake. Mramba aliichonga kwa mkono wake mwaka aliomwoa Kadzo, na alipokuwa akikata roho alimwambia mkewe asiiache ikauke. Mwingine angelichukulia neno hilo kuwa ni mapayo ya mgonjwa. Kadzo alilifanya ibada. Kila alfajiri, kabla hata ya kufagia uwanja, alichovya kitambaa katika mafuta ya nazi akaisugua meza kichwani hadi miguuni, huku akiisimulia habari za nyumba kwa sauti ya chini.

Hapakuwa na ubaya wowote katika hayo, mpaka siku mkaza mwanawe, Kanze, alipoweka mashine ya taipu juu ya meza ile.

Mashine yenyewe iliingia nyumbani kwa mlango wa shida. Garama, mwana wa Kadzo na mume wa Kanze, alikuwa mhudumu katika hoteli moja ya Watamu, mtu wa shati jeupe na tai ndogo nyeusi, aliyejua kusema karibu kwa lugha za watu wengi. Kisha zikaja zile vurugu za jaribio la mapinduzi, Agosti ya mwaka wa themanini na mbili. Wageni wakaogopa, vyumba vikabaki na popo, na meneja akawaita wahudumu akawaambia wapumzike kidogo nyumbani. Kidogo hicho kilipita Krismasi, kikapita na mwaka mpya. Garama alipumzika mpaka akachoka. Viatu vyake vyeusi vya kazi akavipaka rangi kila Jumapili, akavirudisha chini ya kitanda, kwa maana kuvivaa kwenda shamba la muhogo ilikuwa ni kujichekesha mwenyewe.

Hapo ndipo Kanze alipokumbuka kwamba yeye naye alikuwa na kazi mikononi, ila haijawahi kutumika. Alikuwa amesomeshwa taipu na wamishonari kule Kaloleni kabla ya kuolewa. Akamwendea mwalimu wake wa zamani, Phineas, naye Phineas, ambaye hakujua kumnyima mwanafunzi kitu, akamwazima mashine kuukuu iliyokuwa stoo. Ilikuwa nzima kila kitu isipokuwa miguu. Vile vipira vinne vinavyoizuia mashine isitembee vilikuwa vimeliwa na panya au na miaka. Phineas alisema hilo si neno, mashine haiandiki kwa miguu. Alikosea.

Malindi kulikuwa na wakala wa bima aitwaye Mwaura, mtu wa bara, aliyekuwa akitafuta mpiga taipu. Mwaura aliwauzia watu imani maisha yake yote, lakini yeye mwenyewe hakuwa nayo hata ya kuonjea. Alimwambia Kanze masharti yake bila kumkaribisha kiti. La kwanza, apige taipu bila kutazama, mikono ikiwa imefunikwa, kwa sababu karani anayetazama vidole hatazami barua. La pili, majaribio yafanyike nyumbani kwake huyo karani.

"Mimi siwezi andika mtu kazi kama sijaona kwake," Mwaura alisema. "Ofisi kila mtu ni mzuri. Mwisho wa mwezi nitakuja."

Kanze akarudi Matsangoni na moyo mwepesi. Mshahara ule ungemaliza deni la dukani, na mtoto wao Dena angeacha kutibiwa kikohozi kwa dawa za majani peke yake. Akaiweka mashine juu ya meza ya mkwewe, akakaa kwenye benchi, akafunika mikono kwa leso kuukuu, akaanza.

*

Mashine ya taipu ina desturi moja. Kila mstari unapokwisha, mpigaji husukuma kwa mkono wa kushoto kile chuma kinachobeba karatasi, kirudi kulia kianze upya. Mashine yenye miguu hukaa ikasukumwa. Mashine isiyo na miguu, juu ya mbambakofi iliyolishwa mafuta kwa miaka yote ile, huona imeambiwa twende, nayo huenda. Mstari mmoja, upana wa kidole. Mstari wa pili, kidole kingine. Na kwa kuwa Kanze hakuruhusiwa kutazama, vidole vyake vilibaki pale pale mashine ilipokuwa, si pale ilipo. Alipofunua leso alikuta ameandika lugha ambayo hata wamishonari hawakuifikia.

Kanze aliijua sababu tangu siku ya kwanza. Alipitisha kiganja mezani, kikatoka kinang'aa. Lakini kuijua sababu ni jambo moja, na kumwambia mavyaa yake ni jambo jingine. Mwanamke aliyeletwa katika boma la watu hamwambii mama wa boma kwamba mkono wake unaharibu. Anaweza kumwambia mumewe, na mumewe akamwambia mamaye, kama maji yanavyopitishwa mferejini. Basi Kanze akamwambia Garama.

"Nitamwambia," alisema Garama.

Alikwenda kweli. Kanze aliwasikia jikoni wakizungumza kwa muda mrefu, na Garama alipotoka alikuwa na kaimati mkononi na sukari midomoni. Alikuwa amemwambia mamaye kwamba watu wa mjini siku hizi hawapaki mbao mafuta. Mamaye akamjibu kwamba ndiyo maana mbao za mjini hupasuka, akamwongeza kaimati. Mazungumzo yaliishia hapo.

Wakaanza basi kupigana na mashine kutoka chini. Kanze aliweka gunia. Gunia likanywa mafuta usiku kucha, asubuhi likawa linateleza kuliko meza yenyewe. Garama akaokota jiwe la matumbawe akaliegemeza upande wa kulia, lakini Kadzo alipoona mikwaruzo kwenye meza ya mumewe alilitoa jiwe, akalirudisha uwanjani, akapapaka mafuta mahali palipokwaruzwa kama mtu anayemkanda mtoto. Misumari haikutajwa hata kwa ndoto. Mwisho Garama, ambaye mapenzi hayakumpungukia ila ulimi, alichukua ndara zake, jozi pekee aliyobaki nayo mbali na vile viatu alivyovitunza kwa siku ya kuitwa kazini, akazikata vipande vinne akavitia chini ya mashine. Mpira ukashika siku mbili tatu. Kisha mafuta yakauingia, ukavimba, na mashine ikawa inateleza kwa madaha, imeinuka kidogo, kama bibi harusi.

Kutoka hapo Garama alikwenda peku. Alikwenda peku kisimani, peku dukani, peku kanisani, akasimama nyuma kabisa karibu na mlango. Walipomwuliza alisema ardhi ni baridi. Kijiji kikajua kwamba mhudumu wa Wazungu ameivisha ndara zake mashine ya mkewe, na kijiji hakikulisahau.

Ikabaki njia moja, nayo ni Garama mwenyewe. Kila mchana alisimama upande wa pili wa meza akaishika mashine kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni, vile mtu anavyomshikia mchinjaji mbuzi. Jirani yao Kavumbi alipita akasimama dirishani. Akauliza kama kazi hiyo ina sare. Masikio ya Garama yaliwaka, na jioni ile hakula. Kanze alimwonea huruma hata akaingiwa na hasira, na hasira yenyewe hakujua amwelekezee nani. Amwelekezee mjane anayempaka mafuta mumewe aliyekufa? Mara nyingine alikuwa akiamka alfajiri akamsikia Kadzo akiiambia meza, "Mjukuu wako amelala vizuri leo," na hasira yote ikayeyuka.

Kadzo, kwa upande wake, aliisikia mashine ikigonga mchana kutwa na moyo ukamwuma. Alimwambia Kavumbi kwamba chombo kinacholia vile kina kiu. Na kwa kuwa alimpenda mkaza mwanawe na alitaka apate kazi, akaongeza mafuta.

*

Mwishoni mwa mwezi Mwaura akaja na gari lake, na mkoba wa ngozi, na shingo ya mtu anayetafuta kasoro. Alitazama paa. Alitazama mtungi wa maji, akaufunua. Alimwuliza Garama anafanya kazi gani, na Garama, aliyekuwa amevaa viatu vyake vyeusi vya hoteli kwa mara ya kwanza tangu Agosti, akasema yuko likizo. Mwaura akasema likizo ni kitu kizuri.

Kadzo alikuwa ameamka mapema kuliko siku zote. Mgeni mkubwa hastahili meza ya kila siku. Alikuwa ameipaka mara mbili, na mara ya tatu aliposikia gari likikata kona. Mwaura alipoweka mkoba wake juu yake, mkoba ulikwenda wenyewe mpaka ukingoni na kuanguka chini. Aliuokota akaugeuzageuza. Ulikuwa na doa la mafuta lenye ukubwa wa sahani.

"Meza ya marehemu hiyo," Kadzo alimweleza kwa fahari. "Haijakauka tangu aliponiacha."

Mwaura alitazama doa, akamtazama mwanamke mzee, akauhamishia mkoba kwapani. Kanze akakaa benchini. Garama akaenda upande wa pili, akaishika mashine, akageuza uso.

"Na wewe pia unatafuta kazi hapa?" Mwaura akamwuliza.

Garama akaiachia mashine. Alirudi nyuma hatua moja, ya pili, mpaka mgongo ukagusa ukuta, na viatu vyake vikalia. Kanze alimwona kwa pembe ya jicho, na alitamani kuinuka, kumwambia mwenye gari aende zake na bima yake. Lakini Dena alikohoa chumbani. Kanze akajifunika mikono kwa leso.

Mwaura akaanza kusoma barua kwa sauti, bila kituo. Mstari wa kwanza ukaisha, Kanze akasukuma, mashine ikaondoka. Na hapo likatokea jambo ambalo hata yeye hakulitarajia. Mikono yake ikaondoka nayo. Wiki zile zote za gunia na jiwe na ndara, vidole vilikuwa vikijifunza kimyakimya, bila kumwambia mwenyewe. Mashine ilipokwenda kidole, mikono ilikwenda kidole. Katikati ya ukurasa mikono haikutosha tena, akajisogeza yeye mzima kwenye benchi, kiuno baada ya kiuno, na Mwaura, bila kujua anachofanya, akatembea naye kando ya meza huku akisoma. Walipofika mwisho wa barua mashine ilikuwa ukingoni kabisa, pembe yake moja hewani, na Kanze alikuwa amekalia ncha ya benchi.

Mwaura akachomoa karatasi. Akaisoma juu chini, akaipindua, akaisoma tena. Hakukuwa na herufi hata moja iliyokosa kwao.

"Watu wengine wanangoja kazi iwafuate," alisema. "Wewe unaifuata. Kuja Jumatatu."

Usiku ule walichinja kuku. Kadzo alisema aliyajua hayo, kwani meza ya mumewe haijawahi kumwaibisha mtu. Garama akamtazama mkewe, Kanze akatazama sahani, na wote wawili wakacheka mpaka Kadzo naye akacheka, ingawa hakujua kinachochekesha.

*

Ofisi ya Mwaura ilikuwa na meza ya mbao kavu isiyowahi kuonja mafuta, na juu yake zulia nene la mpira, na juu ya zulia mashine mpya yenye miguu yake yote minne. Ilikaa kama mlima. Kanze alipoiona alikaribia kulia kwa furaha. Akakaa, Mwaura akafunika mikono yake kwa gazeti, akasoma.

Mstari wa kwanza ulinyooka. Akasukuma, mashine ikabaki mahali pake, mikono ikaondoka. Mstari wa pili ulikuwa na herufi moja moja za jirani, na wa tatu ulikuwa umehamia nyumba ya jirani kabisa. Pale palipotakiwa kuandikwa Bwana, paliandikwa Nesms. Mwaura aliuliza Nesms ni nani. Kanze akaomba radhi akaanza upya, akajikaza, akaikemea mikono kimoyomoyo, lakini mikono ilikuwa imefunzwa na ilikuwa mitiifu kwa mafunzo yake. Siku nzima aliandika barua kwa Nesms. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Mwaura akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali kwamba labda pale Matsangoni kulikuwa na ujanja, kwamba yeye ni mtu wa kuelewa, na kwamba atangoja mpaka Ijumaa.

Kanze alirudi nyumbani akalia. Hakulia sana, kwa sababu Dena alikuwa anamtazama, lakini Garama aliona, na kuona kule kukamfanya afanye alichoshindwa kufanya muda wote ule. Alisimama kutoka kitandani. Hakuuliza chanzo, maana chanzo alikuwa akikijua: ni yale mafuta. Akaenda moja kwa moja chumbani kwa mamaye, bila kaimati, bila mafumbo.

"Mama," alisema, "mafuta yako yamemharibu mke wangu vidole. Kazi inamponyoka. Naomba meza ile iachwe ikauke."

Alirudi kifua mbele. Akamwambia Kanze kwamba amekwisha kumwambia. Kanze, aliyekuwa amelala akiangalia makuti na kufikiri, aliketi. Katika kufikiri kule alikuwa amefika mahali pamoja tu: mashine ya ofisini haina kosa, na mikono yake haina kosa, kilichokosekana kati yao ni mafuta.

"Umemwambia lini?" aliuliza.

"Sasa hivi."

Kanze akajifunika shuka mpaka kichwani. Hakujua kama anacheka au analia.

*

Alfajiri hapakuwa na sauti. Kanze alitoka akaikuta meza imefunikwa mkeka. Kadzo alikuwa amekaa jikoni, hajawasha moto, chupa ya mafuta imezibwa kwa gunzi na kuwekwa juu ya kichanja pamoja na vitu visivyotumika. Alionekana mdogo. Kanze hakuwahi kumwona mdogo vile, hata siku ya matanga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Kadzo hakugeuza uso. "Meza itakauka, mwanangu. Ulale kwa amani. Kama mwenyewe alikauka, meza ni nani."

Kanze alipiga magoti chini, kwenye majivu ya jana. Aliyaona wazi yale ambayo desturi inayaagiza na yale ambayo tumbo linayataka, na akaona kwamba safari hii yanaelekea njia moja. Akasema, "Mama, nimekuja kuomba mafuta."

"Mafuta gani? Garama anasema mafuta yangu yamekuharibu."

"Yameniharibu kweli, Mama. Ndiyo maana siwezi kufanya kazi bila hayo."

Akamweleza yote: gunia, na ndara, na jiwe, na mikono iliyojifunza kutembea, na meza kavu ya Malindi. Hayakuwa maneno ya kumwambia mavyaa. Kadzo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Kanze akaogopa amemliza, mpaka alipomwona anashika mbavu.

"Na wewe ulijua tangu mwanzo," Kadzo alisema akifuta machozi, "ukanyamaza?"

"Ningesema nini, Mama?"

"Ungesema. Mimi ningekasirika siku moja, mwanangu akabaki na ndara zake."

Akaiteremsha chupa. Alimjazia Kanze kichupa cha dawa ya kikohozi cha Dena, kilichokuwa kimekwisha, akakifunga kwa kitambaa. Halafu akatoka, akautoa mkeka, na Kanze akamsikia akiiomba meza radhi kwa kuchelewa.

Ijumaa Kanze alifika ofisini kabla ya mwenye ofisi. Akalikunja zulia la mpira akaliweka nyuma ya kabati. Miguu ya mashine, hiyo miguu mizuri ambayo kwa wiki zile zote aliiota, akaifunga moja moja kwa vitambaa, akaipaka meza mafuta kwa mwendo ule ule aliokuwa akiusikia kila alfajiri, kutoka kichwani hadi ukingoni, na akajikuta anaisemesha. Mwaura alipoingia alisimama mlangoni akanusa. Akauliza ni nani anapika wali wa nazi. Kanze akaomba barua. Mwaura akasoma, na kwa mara ya pili katika maisha yake akajikuta anatembea kando ya meza na barua mkononi, hatua kwa hatua, mpaka ukingoni. Akachomoa karatasi. Aliyeandikiwa alikuwa Bwana, na Bwana alibaki Bwana mpaka sahihi.

Mwaura hakusema kitu kuhusu kazi, naye Kanze akaelewa kwamba ameipata. Alichosema ni kwamba asithubutu kuweka mafuta kwenye meza yake yeye. Kisha akaegemeza kiwiko kwenye meza ya Kanze ili atie sahihi, kiwiko kikaondoka, na kalamu ikapiga mstari mrefu kuvuka barua nzima. Kanze akatia karatasi nyingine bila kuombwa.

Jioni alirudi na samaki, na jozi ya ndara mpya, za bluu, alizozikopa dukani kwa jina la mshahara ambao hajauona. Garama alizivaa akatembea nazo uwanjani huku na huku, ili Kavumbi aone. Kadzo alimwuliza mkaza mwanawe kama meza ya Malindi ilikubali. Kanze akamwambia ilikubali, ila ni kavu sana, itataka mafuta kila siku.

"Maskini," alisema Kadzo. "Haina mtu." Akainuka kukuna nazi.